Gitaa kavu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Naishi Sakina, Arusha, na nusu ya ukoo wetu uko Moshi, kwa hiyo barabara hii ya kilomita 80 naijua vizuri, mara nyingi nikiwa na gitaa mapajani. Sina duka na siuzi magitaa. Ni mpenzi wa gitaa kavu ambaye watu wa kwaya, wanafunzi na wazazi wamezoea kumpigia simu kabla ya kununua, na mara nyingi zaidi baada ya kununua. Maswali yamekuwa yaleyale, nikaona niyajibu kwa maandishi, kwa urefu unaostahili.

Gitaa kavu, galatoni, akustika: ni vitu vitatu au kimoja?

Ni kimoja. Ni gitaa linalotoa sauti kwa mwili wake lenyewe, bila umeme. Wazee wetu wengi huliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini iliyokuwa kwenye santuri na pia kwenye magitaa ya bei nafuu. John Lennon, baadaye wa kundi la Beatles, mwaka 1957 akiwa bado kijana asiyejulikana, alikuwa akipiga Gallotone Champion. Upande wetu wa dunia, Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili huku akichuna gitaa kavu kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Ukimsikiliza bila kumwona utaapa wako wawili. Kijana akinilalamikia kwamba gitaa lake ni la bei ndogo ndiyo maana haendelei, kwanza namwomba amsikilize Bosco.

Ninunue la nyuzi za nailoni au za chuma?

Angalia utakachopiga. Kama ni mapambio, kwaya ya vijana, au kuimba mwenyewe huku ukipiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja), chukua la chuma. Sauti yake inang'aa na inasikika watu kumi wakiimba. Kama unataka kuchuna kwa vidole taratibu, au mwanafunzi ni mtoto, nailoni ni laini zaidi kwa ncha za vidole, ila shingo yake ni pana. Kwenye Yamaha C40, ambayo ni ya nailoni, upana wa shingo pale juu ni milimita 52. Kwenye F310, ya chuma, ni milimita 43. Hizo milimita tisa mkono mdogo unazihisi.

Jambo moja nalisema kila mara na bado watu wanarudia: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, ya nailoni ni kama kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa jepesi makusudi, ili ubao wa mbele utikisike kwa nguvu hiyo ndogo. Kijana mmoja wa kwaya hapa mjini alifunga za chuma Ijumaa kwa sababu ndizo alizozikuta dukani. Jumapili, kabla ya wimbo wa pili, daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi chini, lilibanduka pamoja na kipande cha ubao. Tuliligundisha tena, lakini ile sauti ya mwanzo haikurudi.

Ukifanya kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, gitaa haliharibiki ila linanong'ona.

Fedha ni kidogo. Jipya la bei ya chini kabisa, au mtumba?

Mtumba wa chapa inayojulikana, kama una mtu wa kulikagua. Magitaa ya watalii na wafanyakazi wa kujitolea waliomaliza muda wao huuzwa kila mwaka Arusha na Moshi, na mengi yamepigwa kidogo sana. Gitaa jipya lisilo na jina, lile la rangi ya kung'aa linaloning'inia dukani pamoja na mipira na mabegi ya shule, mara nyingi lina freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zilizopachikwa vibaya, na hilo halirekebishiki kwa gharama inayoeleweka.

Kuna pia bandia zenye majina makubwa kichwani. Chungulia ndani ya tundu. Gitaa halisi lina lebo yenye jina la modeli na namba yake, na ukiitafuta modeli hiyo mtandaoni utaiona picha yake, umbo lake na idadi ya freti. Kama lebo haipo, au modeli iliyoandikwa haipo duniani, lipia kama gitaa lisilo na jina.

Nikishalishika mkononi, nikague nini?

Hapa usiwe na haraka, na usimwonee haya muuzaji.

Anza na shingo. Shika gitaa kama seremala anayepima ubao kama umepinda: weka jicho usawa wa kichwa na utazame kuelekea mwilini kwa kufuata ukingo wa shingo. Upindo mdogo wa kuelekea mbele unarekebishika. Shingo iliyojipinda kama parafujo, upande mmoja juu na mwingine chini, iache hapohapo.

Kisha daraja. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza nyuma yake. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Tazama pia ubao nyuma ya daraja. Kuvimba kidogo ni kawaida kwenye gitaa la chuma, ila kikiwa kilima, gitaa hilo limekaa kwenye joto au limefungwa nyuzi nzito kupita uwezo wake.

Baada ya hapo, kila uzi kwenye kila freti. Ndiyo, zote. Bonyeza, piga, sikiliza, sogea. Inachukua dakika tano na ndizo zinazookoa fedha nyingi kuliko zote. Unatafuta freti inayokoroma au inayozima sauti. Ikikoroma moja pekee, kuna freti iliyonyanyuka au iliyolika. Zikikoroma nyingi za karibu na kichwa, huenda ni shingo tu inayohitaji kurekebishwa, na hapo una sababu ya kuomba punguzo.

Mwisho, freti ya 12. Ni nusu kamili ya urefu wa uzi: kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 650, freti hiyo iko milimita 325 kutoka kile kifupa cha juu, karibu na kichwa, ambacho nyuzi hupitia. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, upige upate ile sauti nyembamba ya kengele. Kisha bonyeza uzi hapohapo upige tena. Sauti mbili hizo zinapaswa kulingana. Uliyobonyeza ikiwa juu au chini waziwazi, tena kwenye nyuzi mpya, gitaa hilo litakuwa sawa ukipiga kodi karibu na kichwa na litakusaliti ukipanda juu. Tyuna ya simu, yaani programu ya kupimia sauti ya nyuzi, inatosha kwa kipimo hiki.

Vikazio, vile vya kichwani vya kukazia nyuzi, vizungushe vyote. Vinavyoteleza vinabadilishwa kwa bei nafuu, kwa hiyo visikutishe. Vitumie kupatana bei.

Wanasema "solidi topu". Ina maana gani, na nitaijuaje?

Ubao wa mbele ndio unaoimba. Kwenye magitaa ya bei ya chini umetengenezwa kama plaiwudi, tabaka juu ya tabaka. Kwenye yale ya hatua inayofuata ni mbao moja tupu, kwa kawaida sprusi au seda. Mbao moja hutikisika kwa uhuru zaidi, na kadiri inavyopigwa miaka inafunguka. Plaiwudi haifunguki, ila ni ngumu, haipasuki ovyo, na inavumilia safari za basi. F310 ni plaiwudi ya sprusi. FG800 ya kampuni hiyohiyo ni sprusi ya mbao moja. Ukizipiga zote mbili chumba kimoja, siku moja, zikiwa na nyuzi mpya, huhitaji mtu wa kukueleza.

Kuijua ni rahisi: tazama ukingo wa tundu. Kama mistari ya mbao iliyoko usoni inaendelea kushuka kwenye unene wa ukingo, ni mbao moja. Ukiona tabaka tatu kama andazi lililokatwa, ni plaiwudi.

Vidole vinauma na kodi ya F haitoki kabisa. Je, mimi sina kipaji?

Swali hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu watu wanaacha gitaa kwa ajili yake, na mara nyingi mno kosa si lao. Gitaa linatoka kiwandani nyuzi zikiwa juu. Linauzwa hivyohivyo, linapigwa hivyohivyo, na mwenye gitaa anaamini ndivyo gitaa lilivyo. Gitaa jipya la binamu yangu wa Moshi nyuzi zake zilikuwa milimita nne na nusu juu ya freti ya 12. Amelipiga mwaka mzima hivyo. Siku nilipozishusha alikaa kimya, akapiga F, akaniangalia.

Chukua rula ndogo ya chuma. Kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Gitaa la chuma: uzi mnene wa 6 uwe kama milimita 2.5, uzi wa 1 uwe kama milimita 2. La nailoni: kama 4 na 3, kwa sababu nailoni hutikisika kwa upana zaidi. Ukizidi hapo sana, gitaa ndilo linalokutesa.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake usiubadilishe. Kwanza shingo. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa wakati mmoja, kisha tazama freti ya 7. Nafasi kati ya uzi na freti iwe nyembamba kama kadi ya mwaliko wa harusi. Ikiwa kubwa, kaza kile chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wake, robo mzunguko tu, tyuni upya, subiri, pima tena. Kikigoma, usilazimishe; mpelekee mtu anayejua. Magitaa mengi ya nailoni hayana chuma hicho, kwa hiyo hatua hii yanairuka.

Pili, kifupa cha chini, kile kinachokaa kwenye daraja. Kinachomoka. Weka msasa juu ya kioo au marumaru, ukisugue upande wa chini, siyo wa juu. Hesabu yake: kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi, kushusha milimita 1 pale unahitaji kuondoa milimita 2 kwenye kifupa. Chora mstari kwa penseli, sugua kidogokidogo, rudisha, pima. Kilichosuguliwa hakirudi.

Tatu, kifupa cha juu karibu na kichwa. Hicho ndicho kinachofanya F kuwa ngumu: mifereji yake ikiwa ya kina kifupi, uzi unakaa juu mno kwenye freti ya 1. Kazi hii inataka tupa nyembamba na mkono mtulivu, na mimi mwenyewe niliharibu viwili kabla ya kuiweza. Kama hujawahi, lipia fundi.

Ukishafika hapo, kama vidole bado vinauma, ni wiki tatu tu za ngozi kukomaa.

Nibadilishe vifupa vya plastiki niweke mfupa wa kweli?

Ndiyo, na ni maboresho ya bei ndogo yanayosikika. Mfupa ni mgumu na umeshikana, unapeleka mtikisiko kwenye ubao bila kuunyonya. Nao tunao: mfupa mnene wa mguu wa ng'ombe, ule ambao bucha hukupa kwa ajili ya supu. Chagua sehemu nene isiyo na vinyweleo, ondoa mafuta yote kwa kuuloweka siku kadhaa kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni, ukibadilisha maji. Usiuchemshe masaa, utakuwa mwepesi kuvunjika. Kata, sugua, vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Nyuzi nibadilishe lini, na zipi?

Zikiwa nyeusi chini ya vidole, zikiwa hazikai kwenye tyuni, au zikitoa sauti ya kopo. Kwa anayepiga kila siku ni kila mwezi hadi miezi miwili. Badilisha seti nzima. Tabia ya kununua uzi wa 1 peke yake kila unapokatika inakuachia gitaa lenye uzi mmoja unaoimba na tano zilizolala.

Kwa anayeanza na chuma, namba 11 zinatosha. 10 kama vidole ni laini sana. 12 mkono ukishakomaa. Namba hiyo ni unene wa uzi wa 1 kwa maelfu ya inchi, kwa hiyo 12 ni kama milimita 0.30. Kwenye pakiti utaona 80/20, yaani shaba asilimia 80 na zinki 20: inang'aa, inachakaa mapema. Fosfa bronzi, aina nyingine ya nyuzi, sauti yake ina joto zaidi na inadumu. Napendelea fosfa bronzi, hasa Moshi, ambako jasho la mikono linazila nyuzi haraka. Nyuzi za gitaa la umeme zitafunga lakini sauti itakuwa nyembamba, na waya wa breki ya baiskeli waachie wanaotengeneza zeze.

Kila ukimaliza kupiga, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Hiyo peke yake inaongeza wiki.

Hali ya hewa yetu inaharibu gitaa?

Inaweza, na inafanya kwa njia mbili tofauti kwenye miji hii miwili. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kama 800 na kitu, na tofauti hiyo unaiona kwenye mbao. Mbao zinakunywa unyevu na kuutema. Gitaa linapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa imeshiba maji. Ubao wa mbele unavimba, unanyanyua daraja, nyuzi zinapanda, sauti inakuwa nzito. Watu wanakimbilia kusugua kifupa Aprili, halafu Septemba nyuzi zinakoroma kote. Usifanye marekebisho makubwa katikati ya masika. Weka vipakiti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya ndani ya begi, na usiegemeze gitaa kwenye ukuta wa nje ulio na baridi.

Kiangazi ni kibaya zaidi. Januari na Februari, na ule ukavu wa vumbi wa Agosti na Septemba, ubao unasinyaa. Dalili ya kwanza utaihisi kwa mkono: ncha za freti zinachomoza pembeni mwa shingo na kukwaruza. Mbao zimesinyaa, chuma hakijasinyaa. Ya pili, ubao wa mbele unabonyea na nyuzi zinaanza kukoroma. Ya tatu ni ufa. Dawa ni rahisi: kisanduku cha sabuni cha plastiki, toboa matundu, weka ndani sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi haidondoshi, funga nacho kwenye begi. Kilowanishe tena kila siku chache. Kipimo kidogo cha unyevu cha kidijitali kinapatikana kwa bei ya seti moja ya nyuzi, na kama gitaa lako ni la mbao moja, kinunue.

Gari lililoegeshwa juani ni adui wa mwisho. Gundi inalainika, nyuzi zinaendelea kuvuta, na daraja linasogea polepole bila kelele. Nimeyaona mawili ya namna hiyo kutoka maegesho ya Moshi mjini.

Mwalimu wa kwaya anasema "Do ni E flati". Mimi najua G, C na D tu.

Karibu kwenye maisha ya kila mpiga gitaa wa kanisani. Vitabu vya sol-fa na wapiga kinanda wanapenda flati, na gitaa halizipendi. Suluhisho ni kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja. Kila freti inapandisha nusu sauti, na vidole vyako vinabaki kwenye maumbo unayoyajua.

Do ikiwa E flati: kapo freti ya 1, piga umbo la D. Kodi zako tatu zitakuwa umbo la D, G na A. Do ikiwa A flati: kapo freti ya 1, umbo la G, pamoja na C na D, na hapo anayejua G, C, D tu yuko nyumbani. Do ikiwa B flati: kapo freti ya 3, umbo la G tena. Do ikiwa F: kapo freti ya 3 na umbo la D, au freti ya 5 na umbo la C ukitaka sauti ndogo inayometameta juu ya kinanda.

Kama mnapiga magitaa mawili, mmoja asiweke kapo mahali pa mwenzake. Mmoja freti ya 1 kwa umbo la G, mwingine freti ya 4 kwa umbo la E: wote mko A flati, na kwaya itasikia kama ala moja kubwa. Tyuni baada ya kufunga kapo, siyo kabla tu, kwa sababu inavuta nyuzi. Na hakikisha kinanda na tyuna yako vyote viko 440, yaani noti ya A ikiwa hezi 440. Vinanda vingine huwa vimesogezwa na mtu aliyecheza na vitufe, na nyote mtahangaika mkilaumiana.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kunitengenezea gitaa?

Mwili, anaweza. Tuna mafundi wenye mikono ya ajabu. Kinachowashinda wengi ni mahali pa kuweka freti, kwa sababu wananakili kwa macho kutoka gitaa jingine lenye urefu tofauti. Kuna kanuni: gawanya urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya 1. Kwa uzi wa milimita 650 ni 36.48. Ondoa hizo, zinabaki 613.52, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.43, ndio umbali kutoka freti ya 1 hadi ya 2. Endelea hivyo, na ya 12 ikiangukia 325, umefanya sawasawa. Mpe fundi namba hizo zikiwa zimechapwa na kalipa (kifaa cha kupimia milimita) mkononi, na atakushangaza.

Kwa mbao, tuna utajiri. Mninga unafaa mgongo na mbavu, na Afrika Kusini wanautumia kwa magitaa kwa jina la kiaat. Mpingo kwa ubao wa freti na daraja hauna mpinzani: mzito kiasi cha kuzama majini, mgumu, hauliki. Wengi huuita eboni, lakini kwa ukoo ni *Dalbergia*, ndugu wa rosewood, mbao nyingine ya magitaa. Duniani unajulikana zaidi kwa klarineti na obo. Unakua polepole sana, miaka 70 na zaidi kabla haujafaa, na ndiyo maana nauheshimu mradi wa kupanda mpingo ulioanzishwa mwaka 1996 na marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi pamoja na Mmarekani James Harris. Ukinunua mpingo, uliza karatasi zake za maliasili. Kipande kidogo cha fundi wa vinyago kinatosha daraja zima.

Nifunge pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye spika?

Ukipiga kanisani kila wiki, ndiyo. Ya ukanda mwembamba unaokaa chini ya kifupa ndiyo inayofungwa mara nyingi, na ina kikuza sauti kidogo chenye betri ya volti 9. Ukichomeka waya, betri inaanza kuliwa hata kama hupigi, kwa hiyo chomoa ukimaliza. Spika ikipiga filimbi, sogea usitazamane nayo, ziba tundu kwa kifuniko cha mpira, kisha punguza besi kwenye miksa. Kwa mazoezi ya nyumbani pikapu haina kazi.

Mtoto wangu ana miaka minane.

Nailoni, saizi ya nusu au robo tatu. Robo tatu ina uzi wa kama milimita 580. Mwache akae nalo dukani: kiwiko kikae juu ya mwili bila bega kupanda. Gitaa kubwa "la kukulia" halimfundishi chochote zaidi ya kulichukia.

Natumia mkono wa kushoto.

Kama hujaanza, jaribu kulia kwa mwezi. Mikono yote miwili ina kazi, na magitaa ya kulia ndiyo utakayoyakuta kila unapokwenda. Ikishindikana kabisa, agiza la kushoto. Kugeuza nyuzi tu haitoshi, kifupa cha juu na cha chini lazima vibadilishwe.

Nitasafiri nalo kwa basi hadi Dar es Salaam.

Lisiingie kwenye buti. Lipia kiti ukiweza, au lishike. Legeza nyuzi nusu sauti hadi sauti moja, weka kitambaa kati ya nyuzi na freti, na ujaze nguo chini ya shingo ndani ya begi ili kichwa kisining'inie. Ukifika joto la pwani, liache kwenye begi saa moja kabla ya kulitoa.

Ubao wa freti ni rosewood. Nitazuiwa mpakani Namanga?

Kwa gitaa lako la kupigia, hapana. *Dalbergia* zote ziliwekwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tarehe 2 Januari 2017, wapiga muziki wakahangaika, kisha tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa masharti hayo. Isipokuwa rosewood ya Brazil, iliyoko orodha ya kwanza tangu 1992. Hiyo inahitaji kibali, na kama unayo huenda unalijua tayari, maana magitaa hayo ni ghali.

Lini ninunue gitaa bora zaidi?

Baada ya kulimaliza ulilonalo. Nina maana kamili: nyuzi mpya, shingo sawa, kimo sahihi, vifupa vya mfupa, vikazio visivyoteleza. Yote hayo ni sehemu ndogo ya bei ya gitaa jipya, na zaidi ya nusu ya wanaonijia wakitaka kubadilisha gitaa hurudi nyumbani na lilelile, wakiwa wamefurahi. Wanaobaki ni wale ambao masikio yao yametangulia: wanapiga kwa nguvu na gitaa haliongezi sauti, wanapiga taratibu na halitofautishi. Hapo ni plaiwudi imefika mwisho wake. Nenda kwenye ubao wa mbele wa mbao moja. Mgongo na mbavu kuwa mbao moja ni hatua nyingine, ya bei nyingine, na kwa maoni yangu inaweza kusubiri miaka.

Nunua nyuzi mpya za gitaa lako la sasa siku mbili kabla ya kwenda kujaribu jipya, uzifunge, upige. Wauzaji wanajua kwamba gitaa la dukani lenye nyuzi mpya litashinda la nyumbani lenye nyuzi za mwaka jana.

Na la zamani, niliuze?

Kama fedha yake inahitajika, liuze likiwa limerekebishwa, na umwonyeshe mnunuzi freti ya 12. La kwangu la kwanza, plaiwudi tupu yenye ufa ubavuni niliougundisha mwenyewe, liko Kiboriloni kwa binti wa dada yangu. Nimemfungia namba 10 na kushusha nyuzi hadi milimita 2.3. Wiki iliyopita alinipigia simu ya video kunionyesha amebadilisha uzi wa 1 peke yake, bila msaada. Ameuzungusha kinyume kwenye kikazio, lakini umeshika tyuni, na nimemwambia auache hivyohivyo hadi seti ijayo.